Kamioneti Iliyorudi na Sauti Nyingine

Kamioneti yetu, pikapu ya kubebea mizigo, ilirudi nyumbani mchana, mume wangu mwenyewe akiiendesha, na majirani wa mtaa wetu wa Majengo, mjini Goma, wakatoka kuipigia vigelegele. Watu wenye bunduki walikuwa wameichukua kwenye barabara ya Rutshuru, wakati wa vita iliyotufanya sote tulale kwenye madarasa ya shule kule Sake. Walipokimbia waliiacha karibu na Rugari, na mtu aliyeifahamu akatuletea habari. Nilishika ule mlango wake uliobonyea, nikalia kwa furaha. Mume wangu alishuka polepole.

"Mama watoto," akasema, "hii gari iko na kitu. Haiko inalia kama yetu."

Tulikuwa wachuuzi wa maharagwe na viazi. Yeye alikuwa shofa, mimi nilinunua na kuuza. Barabara ilipofunguliwa tulirudi kazini. Mjini, kati ya mashimo na mawe ya volkano, gari haikuwa na neno. Lakini tulipotoka nje, pale lami inaponyooka na yeye kukaza mwendo, moteri ilipiga kelele kana kwamba tunapanda mlima, na sisi tuko kwenye tambarare. Alikuwa kwenye vitesi ya tano, ile ya mwisho. Kila mara aliugusa mkono wa gia kuhakikisha. Zamani, sehemu ile ile, dizeli yetu ilinguruma kwa chini nami nikasinzia. Sasa tulizungumza kwa kupigiana makelele.

Cha ajabu, sindano ya mwendo ilionyesha themanini, na bado pikipiki iliyobeba mama wawili na kuku ikatupita bila shida.

Tulimwendea fundi mmoja wa Ndosho. Alisikiliza, akasema, "Papa, ni ambrayazi. Inateleza. Moteri inazunguka, lakini nguvu haifike kwenye magurudumu." Akabadilisha sahani ya hiyo klachi. Tukaenda Rutshuru na kurudi, kelele ile ile. Safari hii fundi akapanda gari mwenyewe, akaipeleka kwenye mwinuko na mzigo, akaweka vitesi kubwa na kukanyaga mafuta. Kama ambrayazi ingekuwa inateleza, moteri ingeruka peke yake na gari ikabaki nyuma. Haikuteleza hata kidogo. Akapima mapine, yaani matairi, akayalinganisha na ya kamioneti nyingine ya aina yetu: ukubwa mmoja. Akasimama akijikuna kichwa.

"Muzee," akasema kwa upole, "labda ni masikio. Mabomu yanaharibu masikio ya watu."

Hapo ndipo nilianza kuogopa, kwa sababu mume wangu alikuwa ameanza kusema jambo lingine. Alidai barabara imeongezeka. Alisema kilomita za kutoka Goma hadi Rutshuru hazikuwa zile alizozizoea; kila safari gari ilihesabu nyingi zaidi.

"Barabara inaongezeka namna gani, papa watoto?" nilimuuliza.

"Mi najua? Nakuambia kile naona."

Wifi yangu wa Murara alinishauri nimpeleke kwenye maombi. Alisema vita imemwingia kichwani. Nilikubali, kisha nikakataa, kisha nikakubali tena. Kwani hata mimi nilisikia ile kelele. Sikujua tena nani kati yetu mwenye shida, yeye, mimi au gari.

Siku moja mvua ilitukuta karibu na Kibumba tukiwa na mzigo wa viazi. Tukazama kwenye matope. Mume wangu akaunganisha magurudumu ya mbele ili yasaidie yale ya nyuma, na gari ikatoka. Lakini tulipokanyaga lami kabla hajayaachanisha, ilianza kutetemeka, ikakaza, ikashtuka kama watu wawili wanaogombania kitambaa. Alisimamisha. Akashuka, akachungulia chini ya gari.

"Mbele na nyuma haziko zinapatana," akasema.

Tulirudi Ndosho. Fundi aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akachora chaki kwenye mhimili mrefu unaopita chini ya gari, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu chaki inapita mara ngapi. Kisha akafanya vile vile mbele. Nilihesabu, nikarudia, nikidhani nimekosea. Kwa mizunguko ile ile ya gurudumu, mhimili wa nyuma ulizunguka zaidi ya wa mbele.

"Walivunja ponti yenu ya nyuma," fundi akasema, akigonga ile nundu ya chuma iliyo kati ya magurudumu. "Wakaweka ya gari ingine. Njo maana moteri inazunguka mara mingi zaidi kwa njia ile ile. Na hii sindano na kompteri ya kilomita vinapimaka mizunguko ya huu mhimili, si ya magurudumu, kwa hiyo navyo vilidanganyika."

Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Akaniangalia.

"Uliwaza nimepotea akili?"

"Ndiyo," nikasema.

"Hata miye niliwaza vile."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la garaji, na fundi akacheka, nami nikacheka huku machozi yakinitoka.

Ilichukua muda kupata ponti inayofanana na ya mbele. Ilipofungwa tuliondoka asubuhi kwenda Rutshuru. Kwenye lami iliyonyooka moteri ilitulia, na mume wangu akazungumza njia nzima kwa sauti ya kawaida: paa la jikoni, bei ya mbolea, shemeji yake anayetaka kuoa. Nilimjibu hivi na vile.

Kabla ya Rugari tulikutana na watu wakitembea kuelekea Goma na magodoro kichwani. Mmoja alituambia wanapigana kule Kiwanja, kupita Rutshuru. Mwingine akasema hapana, ni karibu, Rumangabo. Mama mmoja alisema hajui, ameona tu wengine wanakimbia. Mume wangu alizima moteri tukasikiliza. Hatukusikia chochote.

"Tunaendelea ao tunarudi?" akaniuliza.

Alishuka, akafungua nyuma, akaanza kupandisha watoto wa wale waliokuwa wakikimbia. Tulirudi mjini tumejaa, mwendo wa taratibu, nami nimempakata mtoto ambaye hakuna aliyejua mama yake yuko wapi.