Kamba ya Mteremko wa Jangwani

Nakumbuka kwa viganja, mwanangu, si kwa kichwa. Kichwa changu siku hizi kinasahau hata kama nimeshameza dawa za asubuhi, lakini viganja bado vinaikumbuka ile kamba ya katani, na jinsi vilivyobaki vitupu baada ya mimi mwenyewe kuiachia.

Keti hapa. Weka hiyo simu chini. Jana nilikuwa kwenye basi natoka Magomeni, ukatupita kwenye mteremko wa Jangwani na pikipiki yako mpya, abiria nyuma, injini umezima. Umepita kimya kama kivuli. Najua mnavyosema vijiweni kwenu, kwamba mnabana mafuta, mteremko ni wa bure, kwa nini uchome petroli. Hukuniona. Mimi nilikuona mpaka ulipofika chini, na mkono wangu ulikuwa umekishika kiti cha mbele kwa nguvu, mpaka mama aliyekikalia akageuka akaniuliza kama naumwa.

Sikukuita nikugombeze. Nimegombeza watu wengi na sijaona hata mmoja aliyeacha jambo kwa sababu hiyo. Wewe nawe hutaacha, nakujua, kichwa hicho kigumu umekirithi kwangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mimi mjukuu ninaye na majuto ninayo, vyote viko nyumba moja. Nisikilize tu, halafu uende zako.

Miaka ile ya ujamaa na foleni za unga, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka Newala, nasukuma mkokoteni Kariakoo. Mwenzangu aliitwa Rajabu, Mngindo wa Liwale, amenizidi umri kidogo. Alikuwa na mke, Mama Zaina, na huyo Zaina mwenyewe bado ananyonya. Vyumba vyetu vilitazamana uani. Nilikula kwao zaidi kuliko nilivyokula kwangu, na Mama Zaina hakuwahi kunionyesha kwamba amenichoka. Kazi yetu ilikuwa kutoa unga wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, kutoka ghala moja Gerezani na kuupeleka duka la ushirika Magomeni. Kule watu walikuwa wameshapanga foleni tangu alfajiri, na mwenye shughuli nyingine ameacha tofali limshikie nafasi. Ukitokea na mzigo, unapigiwa vigelegele. Mimi vigelegele vile vilinilevya.

Njia yetu ilipita Jangwani. Wewe unaujua mteremko ule kwa pikipiki. Kwa mtu anayetembea wala si mteremko, anaweza kupita maisha yake yote asijue kwamba anashuka. Mkokoteni wenye magunia manane unajua. Kwa hiyo wasukuma mikokoteni walikuwa na desturi yao, waliita kushushana. Mkokoteni haushuki Jangwani peke yake. Ukifika juu unaweka mawe kwenye magurudumu, unakaa, unasubiri wenzako wafike. Wakifika, mmoja anabaki mbele kati ya vishikio, wengine wote wanaishika kamba iliyofungwa nyuma, wanaegemea nayo, wanaushusha ule wa kwanza hatua kwa hatua mpaka darajani. Halafu wanapanda tena juu kuuchukua wa pili. Huko chini wanasukumana wote kupanda Magomeni. Aliyeisimamia desturi hiyo alikuwa Mzee Tindwa, mkubwa wetu, mtu wa maneno machache na kifua kipana. Alikuwa akisema mzigo hauna rafiki.

Mimi niliona ni woga wa wazee. Asubuhi nzima inaliwa na kusubiriana! Kwa mwendo ule tulikwenda safari mbili kwa siku, na mimi nilitaka tatu. Hakuna aliyekuwa ameniomba tatu, mwanangu. Si duka, si Rajabu, si wale wa kwenye foleni. Nilitaka tu niwe mtu wa safari tatu.

Sasa ilikuwepo elimu ya watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa binti mwembamba, alikuwa akija saa kumi na moja jioni barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Rajabu hakwenda. Alisema kichwa chake kimeshajaa magunia, nisome mimi kwa niaba ya wote wawili. Wenzetu wakaanza kuniita Profesa, kwa utani, nami nikaupokea utani ule kama cheo.

Jioni moja mwalimu akaomba bakuli la bati na gololi. Akatuambia dunia inavuta kila kitu kwenda chini, kikubwa kwa kidogo, na haichoki wala haina sikukuu. Akaiachia gololi ukingoni mwa bakuli. Ikashuka mbio, ikapita chini, ikapanda upande wa pili yenyewe bila kusukumwa na mtu. Nywele zilinisimama. Niliiona Jangwani nzima ndani ya bakuli lile: ukingo huu Kariakoo, chini daraja, ukingo ule Magomeni. Miaka miwili tunatoka jasho kupandisha mzigo, na kumbe dunia ingetupandishia bure!

Akasema tena kwamba kitu kilichosimama hakitaki kwenda, na kikishakwenda hakitaki kusimama. Kufikia hapo ikaadhiniwa magharibi, watu wakaanza kuinuka. Mwalimu akalikung'uta bakuli, akatuambia leo tumesoma kwenda, kesho tutasoma kusimama, na kusimama ndiko kugumu.

Kesho yake sikwenda. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Asubuhi iliyofuata tulifika juu ya Jangwani mapema kuliko wote. Mzee Tindwa na watu wake walikuwa bado wanapakia Gerezani. Zamu ya mbele ilikuwa ya Rajabu, ya kamba ilikuwa yangu. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akatafuta mahali pa kukaa. Nikamwambia leo hatusubiri mtu. Nikamweleza habari ya bakuli na gololi, na nilieleza vizuri, sijawahi katika umri wangu kueleza jambo vizuri kama asubuhi ile. Wewe kimbia nao tu, usiuzuie, mimi naachia kamba. Kasi itakayopatikana huku itatupandisha kule, tutashtukia tuko nusu ya Magomeni.

Rajabu akatazama kule chini, kisha akanitazama mimi.

“Una hakika?”

“Mwalimu kasema.”

Akainama, akayatoa mawe.

Hatua za kwanza zilikuwa tamu. Rajabu alikuwa anacheka, nilimsikia. Nami nyuma nimeiacha kamba iburuzike, natembea mikono mitupu kama bwana mkubwa. Halafu hatua zake zikaanza kuwa ndefu, ndefu mno, na kicheko kikakatika. Miguu ya mtu ina mwisho wake, gurudumu halina. Nikamwona anaegemea nyuma anataka kuuzuia kwa mgongo. Nani anazuia magunia manane kwa mgongo? Nikaikimbilia kamba. Niliigusa ncha yake mara moja tu.

Chini pale darajani basi lilikuwa limesimama, linashusha abiria. Rajabu angeweza kujitupa pembeni, nafasi ilikuwepo, hata mimi kutoka nyuma niliiona. Lakini mkokoteni ungewaingia wale watu. Hakujitupa. Akaupinda, akauingiza mtaroni pamoja na yeye mwenyewe. Ukapinduka, na magunia yakamwangukia kiunoni. Hakupiga kelele. Nilipofika alikuwa amefunikwa na unga wa njano mpaka kope, ananitazama, na alichosema ni kwamba haisikii miguu yake.

Mzee Tindwa na wenzake walitukuta hapo. Wakatoa magunia, wakaunyanyua mkokoteni, wakamlaza Rajabu juu yake kumkimbiza hospitali kubwa ya Upanga. Ilibidi kuupanda tena mteremko ule ule. Nikasogea mbele nivute, maana nilitaka kuwa mbali na uso wake. Mzee akanishika bega, hakunipiga, hakunitukana.

“Rudi nyuma pale pale ulipokuwa,” akasema. “Na safari hii usiachie.”

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga wangu hawakuniambia kwamba guu linaweza kuvunjika la mwingine. Mimi miguu yangu ni hii hapa, imenifikisha uzeeni. Nimeoa kwa miguu hii, nimecheza ngoma, nimemzaa mama yako. Rajabu alikaa miaka kumi na mmoja katika kile chumba cha uani, amelala.

Mwalimu alikuwa amesema kweli, dunia haichoki. Ilimvuta Rajabu usiku na mchana katika kitanda kile, mpaka mgongo ukaota vidonda. Mama Zaina alimgeuza asubuhi, akamgeuza adhuhuri, na mimi nilimgeuza kila jioni nikitoka kazini. Kila kiungo chake kilikuwa kizito kama kimejazwa mchanga. Mama Zaina hakuacha kunitengea chai. Ningependa angenimwagia usoni siku moja, yakaisha. Alinitengea kwa heshima ile ile, akaketi mlangoni na vitumbua vyake vya kuuza.

Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, Rajabu aliniomba jambo moja. Alitaka nirudi kwa mwalimu, nikaulize lile somo la siku niliyokosa. Nilikwenda. Yule binti alilia, akidhani kosa ni lake, na sikuweza hata kumtuliza. Akaniambia gololi haipandi mpaka ilikotoka, kila inapopita inaacha sehemu ya nguvu yake kwenye bakuli, mwishowe inatulia chini. Akasema mzigo ukishashika kasi, nguvu ya kuusimamisha ghafla haina mtu mmoja mwenye kuiweza, lazima kasi iliwe kidogo kidogo tangu juu, kwa kitu cha kuushika na kuukwaruza. Nikarudi uani, nikamweleza Rajabu yote, neno kwa neno.

 Akasema kwamba huko ndiko kushushana. Wazee walikuwa wanajua, na hawakukanyaga baraza ya kisomo hata siku moja. Nikasema ndiyo, walikuwa wanajua.

Akageuza kichwa, maana kichwa ndicho alichoweza kugeuza mwenyewe.

“Na wewe siku ile pale juu, uliponiambia mwalimu kasema,” akaniuliza, “ulijua kama somo halijaisha?”

Mwanangu, nilitazama chini. Nikashika kikombe cha chai, nikasema kimepoa, nikatoka kwenda kuongeza moto. Hakuniuliza tena. Nilimgeuza kwa mikono hii miaka kumi mingine, na kila jioni swali lilikuwepo kati yetu, naye alinisubiri kwa upole kama alivyotaka kuisubiri kamba ya wenzetu asubuhi ile. Kila siku nilisema kesho, nitamjibu kesho. Kesho moja nikakuta watu wamekaa kwenye mikeka uani, nikajua bila kuambiwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Zaina alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniamkia shikamoo, akanipisha niingie.

Basi nasaha yangu ni hii, na ningekuwa na nyepesi ningekupa. Kushuka hakuhitaji ujuzi. Hata jiwe linashuka. Kasi utapewa bure na yeyote, na dunia, na marafiki, na vigelegele vya watu. Kusimama hutapewa na mtu, utakununua mapema, ukiwa bado juu, wakati kila mtu anakuona mwoga. Ukijifunza jambo nusu, usilipeleke barabarani, na hasa usimpandishe mwenzako juu yake. Abiria wako wa jana alikaa nyuma yako ametulia kwa sababu anaamini unajua. Rajabu naye alitulia. Ukiwa na hakika nusu, mwambie mtu kwamba ni nusu, mwache yeye aamue kama atayatoa mawe. Na ukiulizwa swali na uliyemuumiza, jibu siku hiyo hiyo, hata ulimi ukukatike.

Jibu lenyewe nakupa wewe, maana mwenye swali hayupo na mimi sina muda mrefu. Nilijua. Mwalimu alisema wazi kwamba somo halijaisha, nami nilisikia kwa masikio haya, na pale juu ya mteremko nilikumbuka kwamba nilisikia.

Haya, nenda, abiria wanakusubiri. Leo utawasha injini kwa sababu umeniona nimelia, kesho sijui. Mungu akupe njia tambarare. Na kwa kuwa hakuna aliyepewa njia tambarare tupu, pale penye mteremko akupe mtu wa kukushikia kamba nyuma yako, na mtu huyo asiwe kama mimi.