Saa ya Jasusi Msikitini

Sinema zote za yule jasusi nimezitazama, na saa zake nazijua: katika ya kwanza alivaa ya mkanda wa ngozi, ya pili ya chuma, ya tatu akapiga mbizi nayo. Nikanunua ya kufanana na hiyo, nikaibana barabara. Walimu wenzangu wa madrasa hapa Dunda wakabisha, wakisema itaingia maji.

Basi adhuhuri, msikitini, nikatawadha nayo mbele yao. Mishale ikawa inakwenda vilevile!

"Hata tone halipiti!" nikatamba.

"Ivue," akasema imamu.

Nikaivua kwa madaha. Chini ya mkanda, ngozi ilikuwa kavu kabisa.

"Maji hayakufika hapa. Huna udhu. Unatawadha hivi tangu lini?"

"Tangu Idi, shehe."

Mzee mmoja akadondosha kata yake, akanigeukia. "Mwalimu, wiki ile baada ya Idi, shehe alipokwenda Fukayosi, si wewe uliyetuswalisha?"