Tonge la Ugali kwa Fundi wa Visu

Kwenye lango la Buruburu, upande ule magari ya maziwa huingilia, watu wanajua kwamba sukuma wiki ya Nabalayo ikifika nyumbani ni ya kutiwa sufuriani tu. Anakunja majani kumi na mawili kwa mkono wa kushoto, anayabana kama sigara kubwa, na kisu kinayapitia mpaka yanaanguka kwenye karatasi yakiwa membamba kama uzi. Miaka kumi na sita amefanya kazi hiyo. Anakata huku akitazama barabara, anakata huku akibishana bei, na vidole vyake vyote kumi bado viko. Kwa hiyo bintiye alipomwambia kwamba anahitaji kisu, Nabalayo hakuona shida yoyote. Hakuna kitu alichokijua duniani kama visu.

Muhonja, kifungua mimba wake, alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tangu amalize shule alikuwa amefua nguo za watu na kusimama kwenye malango ya viwanda Industrial Area akisubiri kuitwa. Sasa alikuwa amepata nafasi kwa watu wanaoongoza wageni wa kulala kwenye mahema katika msitu wa Aberdare. Mafunzo yalikuwa ya wiki sita, na aliyefaulu angeandikwa kazi. Gari lingeondoka Jumamosi saa moja asubuhi.

Orodha ya vifaa ilikuja kwa simu: buti, koti la mvua, tochi, sufuria ndogo, na mwishoni, kisu kimoja kisichokunjwa, chenye ala yake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: Vifaa vyote vitakaguliwa, anayekosa kimoja hapandi gari. Nabalayo aliachia shule darasa la sita. Husoma polepole, na akishasoma jambo huliamini. Mstari ule aliusoma mara tatu.

Hilo la kisu kisichokunjwa lilimpendeza. Kaka yake Luseno aliwahi kuchonga mpini wa jembe kwa kisu cha kukunja, kisu kikajifunga chenyewe, kikaondoka na ncha ya kidole. "Walimu wako wana akili," alimwambia Muhonja.

Mengine yote ya safari yalimtia hofu: ndovu, baridi, wanaume asiowajua, binti yake peke yake ndani ya hema. Lakini alikuwa ameshakata shauri. Uoga wangu ni wangu, alijiambia, nitabaki nao hapa nyumbani Maringo. Mtoto ataenda.

Jumanne mchana alimwachia kibanda jirani yake Kavindu, muuza ndizi, akaenda Eastleigh na shilingi elfu moja na mia tano kwenye leso na majani matano ya sukuma ndani ya mfuko. Aliingia katika duka la vyombo la mama mmoja aliyeitwa Deeqa.

"Nataka kisu kisichokunjwa. Cha msituni."

Deeqa alimletea kimoja kikubwa, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Nabalayo alikitikisa sikioni.

"Ndani kuna nini?"

"Ndoano na viberiti, mama. Mpini ni kama kikopo. Vijana wanakipenda sana."

"Kinalia kama kayamba. Mpini wenye tumbo tupu utashika nini? Toa kingine."

Vilitoka vingine viwili. Mwishowe akaona kimoja chembamba, kinachong'aa kama kioo, na ala yake ya plastiki. Akatoa majani yake, akayakunja, akaanza kukata palepale juu ya meza ya duka. Wateja wawili walisimama kutazama. Sukuma ilianguka kama nywele.

"Hiki," akasema.

"Mama yangu, hicho ni cha jikoni," Deeqa alimwambia. "Cha matunda, cha samaki. Watu wa msitu wanachukua kinene."

"Dada, mimi nimekata sukuma miaka kumi na sita. Usinifundishe makali."

Deeqa alifuta majani mezani kwa kiganja, akapokea shilingi mia sita.

Muhonja alipokishika jioni ile aliinama nacho mlangoni, kwenye mwanga. "Mathe, hiki kitapasua kuni kweli?"

"Kimekata Eastleigh nzima ikitazama."

"Kimekata sukuma. Huko tutapasua kuni nacho. Ona." Akamwonyesha kwenye simu: mtu anaweka kisu juu ya kichwa cha gogo, kisha anakipiga mgongoni kwa kijiti kinene mpaka gogo linaachana.

Walitoka nje, kando ya bomba, na kipande cha mkaratusi. Muhonja alipiga mara moja. Alipiga mara ya pili. Mara ya tatu mpini ulibaki mkononi mwake, na kile chuma chenye kung'aa kikaruka, kikapita karibu na goti lake na kulia tang! kwenye beseni la jirani.

"Mnarushiana visu?" jirani aliuliza kutoka dirishani.

Nabalayo alikuwa anatazama goti la Muhonja. Halafu akaokota vile vipande viwili. Chuma kilichokuwa kimeingia ndani ya mpini kilikuwa kifupi kama kucha ya kidole gumba. Alikuwa ameulaumu mpini wa kile kisu cheusi kwa tumbo tupu, na wa hiki hakuufungua.

"Basi, Mathe," Muhonja alisema taratibu. "Nitawaeleza tu nilikosa."

"Utawaeleza nini? Imeandikwa hapandi gari." Akavifunga vile vipande kwenye leso. "Leo ni Jumanne. Jumamosi haijafika."

Kavindu ndiye aliyemwambia habari za Ndeti, mtu wa kwao Machakos, mchonga miiko na vigoda huko Shauri Moyo, ambaye visu vyake vya kazi huvifua mwenyewe kwa moto. Jumatano Nabalayo alikuwa mlangoni kwake kabla hajamaliza chai. Ndeti, mwanamume mnene mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi, alivitazama vile vipande akacheka mpaka kikombe kikamwagika.

"Nani alikudanganya, mama?"

"Nilijidanganya mwenyewe. Cheka umalize, halafu unisaidie."

Ndeti aliacha kucheka. Alimwonyesha kile kijichuma kifupi. "Huu ndio msuka, sehemu inayoingia mpinini. Jani la sukuma halipigani na wewe, kwa hiyo hata msuka wa ukucha unatosha. Kuni inapigana. Kisu cha kuni, msuka unapita wote mpaka kitakoni." Akachomoa chake kutoka kiunoni. "Shika hapa mgongoni. Unene wa sarafu mbili. Urefu wa bapa ni kiganja chako tu. Kikizidi hapo nunua panga."

"Haking'ai."

"Ni springi ya gari, hii. Inashika kutu ukiiacha na maji. Ipake mafuta ya kupikia, itatuzika wewe na mimi."

Nabalayo alimweleza pesa zilizobaki kwenye leso. Ndeti alikuna kidevu, akakubali mia nane. "Lakini mkono wa huyo binti ukoje? Mpini mnene unachosha, mwembamba unazunguka ukiwa umelowa. Mlete nimpime."

"Yuko kibaruani mpaka Ijumaa jioni. Akikosa siku moja halipwi wiki."

"Basi mimi si mganga."

Nabalayo alirudi nyumbani akiwaza. Usiku huo alisonga ugali mgumu, wa kwao Bungoma, ule unaosimama kama tofali. Muhonja alipokata tonge la kwanza, mama yake alimshika kifundo cha mkono.

"Usile hilo. Chukua kubwa zaidi. Sasa libane kama umeshika kisu."

"Mathe, uko sawa?"

"Bana. Na kidole gumba hapo juu. Achia polepole."

Tonge lilibaki na alama za vidole vinne na gumba. Nabalayo aliliweka kwenye kisahani, akalifunika kwa bakuli, na asubuhi lilikuwa limekauka gumu kama udongo.

Ndeti alipofunuliwa bakuli Alhamisi aliwaita mafundi wa vibanda jirani. "Njooni muone! Mluhya ametuletea kiporo cha ugali!"

"Wewe ukila mpini utatoka wapi?" Nabalayo alimjibu. "Huo ndio mkono wa mtoto wangu. Pima."

Alipima. Aliligeuza lile tonge mara nyingi, akaweka kidole chake kwenye alama moja moja, na mzaha ukamwisha. Nabalayo alikaa juu ya gogo siku nzima akimtazama. Chuma kilipochomwa alitazama. Kilipozamishwa kwenye mafuta na kutoa moshi alitazama. Mpini wa kwanza aliukataa kwa sababu ulikuwa na kifundo kisichokuwepo kwenye ugali. Ndeti alinung'unika kwa Kikamba, akachonga wa pili.

Kilipokamilika Nabalayo alikiweka juu ya gogo, akaokota kijiti kinene, akaanza kupiga. Alipiga mpaka gogo likaachana, akaweka lingine.

"Mama, utakiua!"

"Kikifa, kifie hapa mbele yako, si huko."

Hakikufa. Ndeti aliongeza ala ya ngozi inayobana, akakigeuza juu chini, akakitikisa. Hakikudondoka. Halafu, bila kuombwa, alichukua kile cha Eastleigh, akakisaga nyuma akakipunguza bapa mpaka kikapata msuka mrefu, akakivalisha mpini wa mti. "Hiki ni chako. Rudi ukakatie sukuma."

Nabalayo alivifunga vyote kwa gazeti na kuvificha chini ya spinachi, maana mwanamke mwenye visu viwili kwenye Jogoo Road ana mengi ya kueleza.

Jumamosi saa kumi na mbili unusu walikuwa kando ya gari. Mkaguzi alikuwa mwanamke mkakamavu aliyeitwa Ndunge, mwenye filimbi shingoni. Alipitia buti, koti, tochi, sufuria. Alipofika kwenye kisu alikunja uso.

"Hiki hakina jina la kampuni. Umekitoa wapi?"

"Kimetengenezwa Shauri Moyo."

"Na hiki chuma kitashika kutu kabla ya Jumatatu."

Muhonja alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi. Ndani kulikuwa na mafuta ya kupikia. "Nitakipaka kila jioni."

Ndunge alitazama kichupa, akatazama kisu, kisha akasukuma kipande cha kuni kwa buti. "Onyesha."

Nabalayo alishika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, usije ukaenda wenyewe. Muhonja alipiga magoti. Aliweka magoti mbali na kisu, jambo hilo mama yake aliliona kwanza. Vidole vilikaa kwenye mpini kama vilizaliwa hapo. Alipiga mara nne, kuni ikaachana. Akachukua kipande chembamba, akakichonga kwa kuvuta kisu taratibu, na mbao ikajikunja kwenye ncha kama manyoya ya kuku, tayari kwa moto.

Ndunge alikishika kisu mwenyewe, lakini mkono wake haukukaa. Akakirudisha. "Ni cha mkono wako hiki," alisema, akaweka alama kwenye karatasi. "Panda."

Saa mbili na nusu Nabalayo alikuwa amefungua kibanda. Alikunja majani, akachukua kisu chenye mpini mpya wa mti, akakata akitazama barabara ambako gari halikuwepo tena. Kavindu alikuja kununua sukuma ya shilingi kumi. Alifungua karatasi, akachungulia.

"Mama Muhonja! Leo umekatia ng'ombe?"

Nabalayo alitazama. Vipande vilikuwa vipana kama vidole. Akairudisha ile sukuma kwenye ubao, akaikusanya, akashusha pumzi.

"Lete," alisema. "Ninakata upya."