Nilitoa Mashine ya Kahawa Kama Takataka, Wifi Akaitwa Mwizi

Wengine wakiungama husema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, khanga nimeifunga kiunoni, nachambua vitu vya kuhama, na nilichofanya nilikifanya mchana kweupe. Nivumilieni niseme, maana tangu nihamie hapa Tunduma sikai nikatulia. Naosha vyombo ambavyo ni visafi. Nasimama mlangoni, narudi ndani, natoka tena. Mume wangu alikuwa ananiuliza, "Unatafuta nini?" Nami nikawa nachukua ufagio nafagia tena.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Wazazi wangu walitoka mbali na ng'ombe wao mpaka wakafika Ndalambo, na kabla ya hapo tulishahama sana. Siku ya kuhama baba alikuwa anapita kwenye kila kitu anakisukuma kwa mguu. Ambacho hakikutumika mvua iliyopita kinabaki hapo hapo porini, hakuna kulia, hakuna kubembeleza. Nikakua najua kwamba mtu anayeng'ang'ania vitu ni mvivu wa kutembea.

Nikaolewa Itaka, kwa watu wa kahawa. Hao hawahami. Babu kazikwa pale, baba kazikwa pale, na kila nyumba ina stoo iliyojaa majembe yasiyo na mipini, magunia, mitungi, na vyuma ambavyo hata mwenyewe hajui ni vya nini. Miaka yote ile stoo yetu ilikuwa inanikera. Kwa hiyo mume wangu alipopata kazi kwenye gereji ya malori hapa mpakani, akapanga vyumba, akanipigia simu akasema, "Njoo na vichache, huku hakuna nafasi," nilifurahi kuliko mtu aliyealikwa harusini.

Nikaanza kupunguza. Kabati la vyombo nikampa jirani. Mitungi nikagawa. Nguo kuukuu nikachoma. Kila kitu kilipotoka nilijisikia mwepesi, nikawa natafuta kingine cha kutoa. Jamani, kutoa vitu kunalewesha, nyie acheni tu.

Ndani ya stoo, pembeni, kulikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, aliyoiacha marehemu baba mkwe. Ilikuwa kipindi cha mvua, kahawa bado iko mtini, haijaiva. Mashine imefunikwa gunia, ina kutu, na kuku alikuwa ametagia pale juu panapomiminwa kahawa.

Hapa ndipo penye kosa langu, nisikilizeni vizuri. Dada wa mume wangu, yaani wifi yangu, aliachika akarudi nyumbani, na baba mkwe kabla hajafa alimkatia kipande cha shamba la kahawa ale na watoto wake. Kaka yao mkubwa hakupenda. Alikubali kwa sababu mzee alishatamka, lakini alikuwa anasema wazi kwamba siku kahawa ile itakapoharibika mikononi mwa mwanamke, anairudisha kwake. Na wifi kila msimu alikuwa anakuja kumenyea kwangu. Mashine ilikaa kwetu kwa sababu tu stoo yetu ilikuwa na kufuli. Haikuwa yangu, wala haikuwa ya mume wangu peke yake.

Nilijua? Nilijua. Nikiwa nafunga mizigo wifi alishaniambia, "Wifi, ile mashine nitakuja kuibeba nikipata mtu wa kunisaidia. Ni nzito."

Nikamwambia, "Njoo siku yoyote."

Na kweli alikuwa anakuja, lakini kwa mambo mengine. Hiki unakitupa? Kile unakiacha? Alinichosha. Siku zinapita, mashine ipo pale pale, na mimi nataka stoo iwe tupu nifagie nifunge.

Wakapita wanunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wao. Wakati ule walikuwa wamejaa vijijini, wanachukua chochote chenye kutu. Mmoja akaitazama, akasema, "Mama, kwa hii nakupa beseni na ndoo mpya." Nikamwambia abebe. Moyoni nikajisemea wifi ataazima kwa majirani, si kila nyumba hapa ina mashine? Nikaokota mayai ya kuku, nikafagia stoo, nikajisifu.

Ufunguo nikamkabidhi wifi awe anaangalia nyumba. Sikumwambia kitu. Nikaja zangu Tunduma na beseni langu jipya.

Hazikupita siku nyingi akanipigia simu. "Wifi, mbona mashine siioni stoo?"

Pale ndipo ningesema. Ningesema tu, nimeitoa, nisamehe, tutafute nyingine, na leo nisingekuwa naandika haya. Mdomo wangu ukasema, "Mimi niliiacha hapo hapo. Labda wezi." Mume wangu alipouliza nikamjibu vile vile, tena bila kigugumizi.

Msimu ukafika. Mnaotoka sehemu zisizo na kahawa niwaeleze kidogo. Kahawa mbivu ikichumwa leo, inatakiwa ipite kwenye mashine leo leo. Ikilala kwenye gunia inapata joto, inachacha, inanuka. Na kila nyumba inachuma wakati mmoja, kwa hiyo jioni kila mwenye mashine yuko kwenye mashine yake. Kuazima kupo, lakini zamu yako inakuja wenyewe wakishamaliza na kuchoka. Hayo yote nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu miaka niliyokaa pale, ila siku ya kufagia stoo nilijifanya sijui.

Wifi alizunguka na kahawa kichwani, nyumba hadi nyumba. Nyingine iliwahi, nyingi ililala. Mnunuzi alipokuja akaingiza mkono kwenye gunia, akanusa, akamwambia akaimwage.

Kikao cha ukoo kikaitwa, na mimi na mume wangu tukaenda. Shemeji mkubwa hakuanza na kahawa, alianza na mashine. Akamuuliza dada yake, "Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Nilikuwa nao mimi, kaka."

"Mlango ulivunjwa?"

"Haukuvunjwa."

"Sasa huyo ni mwizi gani anayefungua kwa ufunguo?"

Wifi akasema hajauza. Akaapa kwa kaburi la baba yao, na pale kwao kuapa hivyo si mchezo. Kisha akanigeukia. "Wifi, hebu waambie. Siku unanipa ufunguo, mashine ilikuwepo?"

Alikuwa ananitegemea mimi. Alitaka niseme kwamba sikumbuki vizuri, au kwamba sikuchungulia, neno lolote la kumpa nafasi ya kupumua. Watu wote wakaniangalia. Nikasema, "Ilikuwepo."

Kahawa ikarudi kwa shemeji mkubwa siku ile ile. Wifi akaambiwa kwamba mtu aliyeuza chombo cha baba yake hana cha kudai kutoka kwa baba yake. Akawachukua wanawe wakaenda Itumba, kwa rafiki yake, huko anafanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Hakuwa na vitu vingi vya kubeba.

Tangu hapo mimi si mtu. Hapa Tunduma magari ya vyuma chakavu hayakauki, na kila likipita natoka nje kuangalia. Kuna siku nililifuata moja mpaka kwenye yadi wanakopimia. Vijana wa pale, wengine ni wa upande wa Zambia, wakanisalimia, "Mulishani, mayo," yaani hujambo mama, wakidhani nimeleta mzigo. Nikawapita. Nilianza kupindua vyuma kwenye lile rundo mpaka wakanitoa kwa upole, wakanipa maji. Nadhani waliniona nimechanganyikiwa, na sikuwa mbali na hapo.

Mwezi uliopita nikashindwa kabisa, nikaenda Itumba. Nilimkuta kwenye mteremko anapalilia maharage ya watu. Nikapiga magoti kwenye tuta, nikamweleza yote, mkokoteni, beseni, uongo wa kwenye simu. Nilikuwa nasubiri anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

Akaegemea jembe lake. "Wifi, hayo unayoniambia mimi nayajua. Mimi ndiye niliyekuwa najua kuwa sikuuza. Kaka umemwambia?"

"Bado."

"Mume wako?"

"Bado."

"Majirani wa Itaka wanaowaambia watoto wangu mama yao mwizi?"

Nikaanza kung'oa magugu kwenye tuta.

"Basi umekuja kutua mzigo wako hapa kwangu," akasema. "Na mimi nina palizi ya kumaliza." Akainama akaendelea kulima, na mimi nikabaki nimepiga magoti nyuma yake kama mjinga.

Niliporudi nikamwambia mume wangu. Nilidhani atalia au atanipiga. Akasema, "Nyamaza. Yameshapita. Kaka ameshapanda miche mipya pale. Ukisema sasa utatuaibisha wote." Tangu siku hiyo haulizi tena natafuta nini. Jana ameniambia nikienda kulisema hilo kwa ndugu zake, nisirudi kwake.

Wewe unayehama, punguza, sikukatazi. Lakini kabla hujatoa kitu, jiulize ni nani mwingine huwa anakuja kukitumia, na umuulize yeye kwa mdomo wako. Kitu kinaweza kukaa kwako miaka yote na kisiwe chako. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla watu hawajapata wa kumbebesha.

Hapa nimeandika bila jina, na najua hata huku ni kujificha. Jumapili ukoo unakutana Itaka. Nitasimama mbele yao niseme mimi ndiye niliyeitoa, mume wangu akiwepo. Wifi nimemtumia ujumbe aje asikie, na awalete watoto nao wasikie. Amejibu kwamba watakuja. Kuhusu kunisamehe hakuandika chochote.