Kwa Kihispania Chawa Wapo, Uongozi Hakuna

Mapumziko ya asubuhi ni mafupi, na Herlinda Matadamas hayatumii kula. Amevua glavu, amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa nyuma ya ghala la kufungashia matufaha, na kidole chake kinabonyeza simu kwa hasira ya mtu anayegonga mlango huku akisikia watu wanaongea ndani.

Ukurasa unafunguka. Kichwa chake, kwa Kiingereza, ni mafunzo ya uongozi na maendeleo ya jamii. Pembeni kuna kitufe cha Kihispania. Anakibonyeza. Ukurasa unazunguka weee, kisha unarudi Kiingereza vilevile, ila juu kabisa limeongezwa neno moja la Kihispania la kukaribisha wageni.

Anamgeuzia simu Nicolasa, mama wa ubatizo wa binti yake, anayetafuna andazi kando yake.

"Umeona, komadre? Tumekaribishwa. Sasa tukae wapi?"

Herlinda ana miaka arobaini na saba. Alitoka milima ya Oaxaca, Mexico, akiwa msichana, na maisha yake ya utu uzima yote yamepita hapa Bonde la Yakima, kaskazini ya mpaka, akisimama mbele ya mkanda unaotembea na kutoa matufaha mabovu kati ya mazima. Analipwa dola kumi na saba kwa saa. Magoti yake yanajua mvua itanyesha lini.

Yeye, mumewe na mabinti wawili wanaishi kwenye trela, nyumba ya bati yenye magurudumu, katika uwanja wa kupanga wa Los Álamos. Trela ni lao. Ardhi si yao, na hapo ndipo penye shughuli, maana masika ya mwaka jana mwenye uwanja alibandika tangazo kwamba anauza.

Wapo wanaowaambia wavute matrela yao waende kwingine. Herlinda akisikia hivyo anacheka kwa uchungu. "Eti nyumba ya magurudumu," anasema. "Hilo langu ni kuukuu kuliko ndoa yangu. Ukilivuta utaondoka na mlango, ukuta utabaki."

Upo mfuko wa mikopo uliokubali kuwasaidia wakazi wanunue uwanja kwa pamoja. Sharti ni moja: chama chao kiwe na viongozi watatu waliomaliza mafunzo ya uongozi kabla ya mwisho wa mwaka huu. La sivyo uwanja utakwenda kwa mtu anayetaka kujenga maghala.

Sharti jepesi, utasema. Herlinda naye alisema hivyo, kisha akaanza kutafuta mafunzo yenyewe kwa lugha ambayo watu wa Los Álamos wanaielewa.

Maktaba walimwelekeza chuoni. Chuo wakamwelekeza kanisani, na kanisani padri akamwuliza kama amejaribu maktaba. Alipigwa danadana mpaka akajua majina ya makarani na ya paka wao. Mtandaoni alipata kitabu kizima kwa Kihispania, akakisoma usiku kwa furaha, kumbe kimeandikiwa vijiji vya Hispania na kinafundisha namna ya kuomba fedha za Ulaya kwa ajili ya mizeituni. Alipata video ya mwalimu anayezungumza Kiingereza saa nzima, na chini yake muhtasari wa Kihispania wa mistari miwili.

"Kwa Kihispania nimepata kisukari," anasema akihesabu kwa vidole mafunzo aliyoyaona. "Nimepata chawa. Nimepata namna ya kunawa mikono, na picha juu. Wanatutaka tuwe wagonjwa wasafi. Namna ya kuendesha kikao, hakuna."

Kisha mwezi wa nane Mungu alionekana kusikia. Adrián Beltrán, kijana mpya wa ofisi ya maendeleo, mtoto wa wachuma matunda, alipata kozi kamili kwa Kihispania, yenye mwalimu na vitabu. Akaja nayo Los Álamos Jumapili moja, boksi begani. Ukumbi ulijaa. Kinamama walipika champurrado, kile kinywaji kizito cha mahindi na chokoleti, kwa sufuria ya harusi.

Adrián akaeleza vizuri sana. Halafu akauliza ni nani angependa kuwa kiongozi, ainue mkono.

Mikono yote ilibaki kwenye vikombe.

Akauliza tena. Crescencio Yescas, fundi magari ambaye hakuna bomba lililopasuka uwanjani bila yeye kuitisha watu, akainamia viatu vyake. Nicolasa akampangusa mtoto pua isiyokuwa na kitu. Na Herlinda, aliyetafuta zaidi ya mwaka, akatazama ndani ya kikombe.

Adrián akashukuru, akabeba boksi lake. Wiki iliyofuata ukaja ujumbe: wakazi hawajaonyesha nia, kozi inahamishiwa mji mwingine.

Masikini, hakujua alichokiuliza. Huko milimani walikotoka watu hawa, cheo hakiombwi. Mkutano ndio unaokutaja. Unakataa, unatajwa tena, unainamisha kichwa, unatumikia mwaka mzima bila malipo. Anayejiinulia mkono mwenyewe, watu wanaulizana amenusa nini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Herlinda alikasirika siku nyingi. Alimkasirikia Adrián, akawakasirikia majirani, akajikasirikia mwenyewe kuliko wote. Nicolasa alimchokoza kwenye mkanda: basi si ungeinua wewe?

"Ili uwe wa kwanza kusema naivizia hela ya chama?"

"Ningesema," akajibu Nicolasa. "Halafu ningekupigia kura."

Mwishowe alimpigia Adrián simu. Kijana alijitetea kwa adabu. "Doña Herlinda, niliuliza mara mbili."

"Uliuliza vibaya mara mbili, mwanangu."

Akamweleza. Adrián akasema kozi haijaanza, na nafasi tatu anaweza kuzishikilia mpaka Jumatatu akiletewa majina. Wamekubaliana aje Jumapili hii, akae, anywe champurrado, asiulize mtu chochote.

Ila aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana hata leo Herlinda bado anabonyeza vitufe nyuma ya ghala.

Atakaowataja anawajua: Crescencio, kwa bidii yake, na Nicolasa, kwa mdomo wake. Nafasi ya tatu haizungumzii. Anaitaka, na uso wake haujui kuficha, lakini kwa mwaka mzima amepiga kelele kuhusu mafunzo haya kuliko mtu yeyote, na anaogopa watu wameshamwona kama anayejitembeza. Kuomba hawezi.

Kengele inalia. Herlinda anatia simu mfukoni, anavaa glavu. Nicolasa anakung'uta makombo na kusimama.

"Jumapili nakutaja wewe," anasema, kama anayesema habari ya mboga. "Lakini usituletee maringo ya kijijini. Kataa mara moja tu, baridi inakuja."

Herlinda anavuta glavu ya pili polepole. Macho yamemlowa na hayapangusi.

"Mara moja," anasema. "Kwa heshima."