Ginesa Miongoni mwa Wageni

Ginesa Conesa alistaafu Ijumaa, na kufikia Jumanne mumewe alikuwa ameshamchoka. Si kwa ubaya. Isidoro ni mtu wa kiti chake na mashindano ya baiskeli kwenye televisheni, na sasa ghafla nyumba yao hapa mtaani Santa Lucía ilikuwa na mwanamke anayefua mapazia safi, anayehamisha kochi kisha kulirudisha palepale.

"Keti basi, mama. Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa miguu inaniwasha."

"Kaikune nje. Si una mji mzima wa Cartagena?"

Alitania tu, lakini neno lilimchoma Ginesa. Tangu usichana alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye chumba cha chini cha hoteli. Asubuhi alipita njia ileile kando ya bandari, jioni akairudia, akiwaza chakula cha usiku. Mji wenyewe hakuwa ameutazama. Akachukua mkoba, akatoka bila kuaga.

Gatini kulikuwa na meli ya watalii, ndefu kuliko mtaa wetu. Waitaliano walikuwa wanashuka, na Ginesa akasimama kuwatazama. Msichana mwenye mwavuli mwekundu, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaongoza, akamshika bega, akambandika kifuani karatasi ya duara kama waliyobandikwa wale wa meli, akamsukuma taratibu kwenye kundi. Ginesa hakuelewa hata neno moja. Angeweza kukataa, lakini miguu ilikuwa inatafuta mtu wa kumfuata.

Wakapanda Calle Mayor, barabara kuu ya maduka. Waitaliano waliinua vichwa, naye akainua chake, akaona juu ya maduka nyuso za wanawake zilizochongwa kwenye mawe, zote zimenuna. Wakapanda kilimani penye ngome, tausi mmoja akawafukuza, Ginesa akakimbia akicheka kama mtoto. Kila waliposimama kupiga picha, yeye alikuwa ameshatangulia.

Kisha mwavuli ukageukia kwenye uwanja wa maigizo wa Warumi, na Ginesa akapunguza mwendo.

Alizaliwa pale. Kabla mawe hayo hayajafukuliwa, juu yake palikuwa na mitaa ya maskini yenye ngazi nyingi, na nyumba yao ilikuwa mojawapo. Nyumba zilibomolewa, watu wakahamishiwa kwingine, na mama yake hakuizoea nyumba mpya hadi alipofariki. Tangu hapo Ginesa hakutia mguu humo. "Sitakata tiketi kuingia kwetu," alikuwa akisema. Leo hakuulizwa tiketi. Karatasi ya kifuani ilitosha.

Ndani, mawe yalipangana kwa nusu duara, meupe, yamesafishwa. Msichana alikuwa anaeleza kuhusu wafalme. Ginesa alikuwa anatafuta jiko la mama yake. Dirisha lake lilitazamana na ukuta uliovunjika wa kanisa la zamani, uso kwa uso, alikumbuka vizuri. Alisimama chini, ukuta ukawa mbali juu. Akapanda ngazi, bado uko juu. Akapanda tena, akavuka kamba, akapanda tena.

Mlinzi akapuliza filimbi. "Bibi! Huko hakupandwi!"

Msichana akaja mbio, akimwita kwa Kiitaliano. Ginesa akageuka na kujibu kwa lugha ya nyumbani, "Usinipigie kelele, mwanangu. Natafuta jiko."

Msichana akashangaa. "Kumbe wewe si wa meli!"

"Mimi ni wa hapa. Hapa hasa."

"Jiko lipi sasa? Hapa pana mawe tu."

Ginesa akatazama ukuta wa kanisa, akatazama mawe, ndipo akaelewa. Walikuwa wamechimba kwenda chini sana. Sakafu aliyotambalia utotoni sasa ingekuwa hewani tupu. Akanyoosha kidole hewani, juu ya jukwaa, mbayuwayu walikokuwa wakipita.

"Pale. Hapo alipopinda yule ndege."

Waitaliano wakauliza kuna nini, msichana akawatafsiria. Kisha mama mmoja mnene akauliza, kupitia kwa msichana, "Na mama yako alikuwa anapika nini humo?"

"Maharage na mfupa wa nguruwe. Jumapili wali wa supu ya samaki."

"Samaki gani?" wakadakia wawili kwa pamoja. Mzee mmoja akapinga kwamba wali haupikwi hivyo, mkewe akamwambia anyamaze, yeye hata yai hajui kuchemsha. Habari za wafalme ziliishia hapo.

Ginesa aliwasindikiza hadi gatini. Walipokuwa wakipanda meli, mguu wake mmoja ulikuwa tayari umekanyaga ngazi, akaurudisha. Meli ilipiga honi, ikaondoka, naye akabaki anatembea huku na huku ukingoni.

Ndipo akaja Isidoro, anahema, amevaa ndara.

"Nimezunguka mji mzima nakutafuta!"

"Umeona nini?"

"Nione nini? Natafuta mke, unaniuliza nimeona nini!"

Wakaingia kwenye mkahawa wa karibu, wakaagiza asiático, kahawa yetu ya maziwa mazito ya kopo na brandi. Hapo ndipo Ginesa alipolia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Nilidhani nitakuta hata kigae kimoja. Hakuna, Isidoro. Hata pa kusimama na kusema ni hapa, hakuna."

Isidoro akamsogezea kikombe chake pia.

Usiku ule Ginesa hakulala vizuri. Asubuhi alimkuta mumewe tayari kitini, akamwekea mkate mezani.

"Leo wapi?" Isidoro akauliza.

"Treni ya Los Nietos, hadi mwisho wa reli."

"Una nini huko?"

"Sijui. Huenda nikashuka kabla."

Nilikuwa kwenye balkoni yangu, mimi jirani yao, alipopita chini, skafu shingoni, akitembea haraka. Nilimwita. Alipunga mkono bila kusimama.