Ramani Iliyoshikwa Kichwa Chini

Nakumbuka Jumapili moja mchana, mwanangu, enzi ambazo ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili. Nilikuwa mfasiri wa filamu katika kibanda cha video hapa Nakawa, jirani na kambi ya polisi. Sinema inaonyeshwa, nami nimeshika maikrofoni, nawaambia watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa. Lugha nisiyoielewa, nilitunga. Usinicheke, wote tulifanya hivyo.

Siku hiyo kanda ilikuwa ya Ufini. Kifini! Hata salamu yake siijui. Marafiki wawili wanasafiri kwa kigari kibovu kwenye theluji, barabara nyeupe, miti myeupe, wamepotea. Mnene anaendesha, mwembamba anageuzageuza ramani. Watu wakaanza kupiga miayo, na mfasiri akiona miayo hutafuta kicheko popote kilipo.

Mbele kabisa alikaa Bahati, kinyozi, Mkongomani wa Bukavu, rafiki yangu niliyekula naye sahani moja miaka minne. Kando yake Apio, mchumba wake, muuguzi wa hospitali ya Mulago. Bahati hakujua kusoma. Hilo tulilijua sisi wawili tu. Simu za mfukoni hazikuwapo, na Apio akibanwa na zamu alimwandikia barua. Mimi nikazisoma, mimi nikazijibu. Bahati aliniapisha nisimwambie mtu, maana alitaka ajifunze kwanza, ndipo amweleze Apio mwenyewe.

Basi nikafungua mdomo. "Jamani, huyu mwembamba hajui kusoma! Ramani ameishika kichwa chini, kama anavyoshika barua za mchumba wake. Anasomewa na rafiki yake, mpaka yale ya siri!"

Banange, jamani, kibanda kizima kikaangua kicheko. Nami nikanogewa, nikaongeza, nikaongeza tena. Kisha nikamwona Apio amegeuka, anamtazama Bahati, na Bahati anatazama viatu vyake. Apio akainuka, akatoka.

Filamu ilipokwisha Bahati alinipitia mlangoni. Hakupaza sauti. "Ndugu yangu, ile siri ilikuwa ya sisi wawili."

Nikamjibu, "Aa, mzaha tu, bwana. Acha hasira." Nikakaa siku tatu nikingoja aje yeye kwanza. Eti yeye! Siku ya nne nikaenda kwake, nikakuta mlango una kufuli jipya. Mwenye nyumba akaniambia amerudi kwao. Sijamwona hadi leo, na Apio hakuitikia salamu yangu tena.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu alikuja kweli, ana simu mkononi. Juzi mjukuu wangu alinitafutia filamu ile, ina maandishi ya Kiingereza chini. Nikangoja penye ramani. Unajua yule mwembamba alikuwa anasema nini? "Ni mimi niliyetupoteza, rafiki yangu. Nisamehe." Na yule mnene anacheka, anamwambia haya, shuka tusukume gari. Nililia, mwanangu, mzee mzima na mvi zangu.

Sikia basi. Siri ya rafiki si kitoweo cha kuchekeshea watu. Na ukikosa, nenda siku ileile ukaombe radhi, usingoje hasira ipoe, maana wewe unangoja na mwenzio anafunga mizigo. Mimi nilipewa siku tatu nikazitupa. Mungu akupe rafiki wa kupotea naye njia, na siku utakayomkosea akupe miguu ya kumfikia kabla hajafunga mlango.